Jeki imeingia lakini sauti haiko sawa: kutafuta hitilafu kwenye njia za balansi

Jeki kuingia kwenye tundu bila kulazimishwa hakuthibitishi kitu. XLR ileile ya pini tatu hubeba sauti ya maikrofoni, hubeba sauti ya laini kutoka miksa kwenda kwenye spika, hubeba sauti ya dijitali ya AES3, na kwenye taa za jukwaani hubeba amri za DMX. Jeki kubwa ya milimita 6.35 yenye miduara miwili myeusi ndiyo mbaya zaidi: inaweza kuwa hedifoni za stereo, njia moja ya balansi, au tundu la insati linalotoa na kupokea kwa pamoja. Kwa hiyo fundi mitambo anapolalamika kwamba "kuna kitu kimeungua", mara nyingi hakuna kilichoungua. Ni vifaa viwili vizima visivyoelewana.

Kabla ya kuanza kutafuta, uwe na malitimita, hedifoni, kebo moja ambayo umeipima mwenyewe, na simu yenye programu ya kutoa toni. Kwa kazi hii toni ya Hz 100 inafaa kuliko ya Hz 1000, kwa sababu malitimita za bei nafuu hupoteza usahihi masafa yakipanda. Toni ya Hz 50 usiitumie kabisa, itachanganyika na mvumo wa umeme wa ukutani.

Kilichomo ndani ya mlango wa balansi

Njia ya kawaida ina waya mmoja wa sauti na shildi, yaani wavu wa chuma unaouzunguka. Njia ya balansi ina nyaya mbili za sauti, chanya na hasi, pamoja na shildi. Kwenye XLR pini 1 ni shildi, pini 2 chanya, pini 3 hasi. Kwenye jeki ya TRS, ile kubwa yenye miduara miwili, ncha ni chanya, pete ni hasi, shina ni shildi. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya chanya na hasi. Kelele iliyoingia njiani kwa kiasi kilekile kwenye nyaya zote mbili haina tofauti, basi inafutika.

Wengi hufundishwa kwamba lazima hasi ibebe nakala ya sauti iliyopinduliwa. Si lazima. Kinachofuta kelele ni nyaya zote mbili kuwa na impedansi (upinzani kwa mkondo wa sauti) sawa kuelekea ethi. Waya mmoja ukiwa na ohm kadhaa zaidi ya mwenzake, kwa mfano kwa sababu ya pini yenye kutu au lehemu mbovu, ufutaji unapungua hata kama sauti yenyewe inasikika safi. Hapo ndipo palipo chanzo cha malalamiko ya "kebo nzima lakini inavuma".

Milango ya kutoa ya balansi iko ya aina nne, na aina ndiyo inayoamua utakachoruhusiwa kufanya.

Ya transfoma: nyaya zake mbili zinaelea, hazigusi ethi. Ukifunga hasi kwenye ethi sauti inabaki na kiwango kilekile. Ni aina ya kusamehe kuliko zote.

Ya impedansi tu: chanya inasukumwa na sakiti, hasi imefungwa kwenye ethi kupitia resista yenye thamani sawa na ile ya chanya, kwa kawaida Ω 50 hadi 150. Miksa nyingi ndogo ziko hivi. Si udanganyifu, kelele inafutika vizuri tu, ila hakuna sauti kwenye pini 3.

Ya sakiti mbili: moja inasukuma chanya, nyingine inasukuma hasi iliyopinduliwa. Ukiifunga hasi kwenye ethi, sakiti ya pili inasukuma mkondo usio na pa kwenda isipokuwa kwenye ethi.

Ya msalaba: inaiga transfoma. Hasi ikifungwa kwenye ethi, chanya inapanda mara mbili kufidia. Chipu za SSM2142 na DRV134 zimetengenezwa kwa kazi hii. Kama unaitumia kwa njia ya kawaida, funga hasi kwenye ethi palepale kwenye jeki ya kifaa kinachotoa, si mwisho wa kebo ya mita 20, la sivyo sakiti inaweza kuanza kutetema kwa masafa ambayo sikio halisikii lakini yanaziumiza spika za sauti nyembamba.

Kujua una ipi: tuma toni ya Hz 100, weka malitimita kwenye volti za AC. Pima pini 1 na 2, kisha 1 na 3, kisha 2 na 3. Ukipata volti kwenye 1–2 na sifuri kwenye 1–3, ni ya impedansi. Ukipata volti sawa pande zote mbili na 2–3 ikiwa mara mbili yake, ni ya sakiti mbili au ya msalaba. Kuzitofautisha, punguza sauti, gusisha pini 3 na pini 1 kwa sekunde mbili tatu huku unapima 1–2: ikipanda mara mbili ni ya msalaba, ikibaki palepale ni ya sakiti mbili, achia mara moja. Ya transfoma inajulikana kifaa kikiwa kimezimwa: 2–3 inasoma ohm chache au makumi, ilhali 1–2 na 1–3 hazisomi chochote.

"Wimbo unapiga lakini mwimbaji hayupo"

Laptopu au simu imeunganishwa kwenye miksa kwa kebo ya jeki ndogo ya stereo kwenda TRS kubwa au XLR moja. Ngoma zinasikika kwa mbali, vinanda vya pembeni vipo, mwitikio wa ukumbi upo, lakini sauti ya mwimbaji na besi zimetoweka. Watu hudhani wamepakua karaoke.

Sababu ni hesabu tu. Laptopu imetoa kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Miksa imedhani ncha ni chanya na pete ni hasi, ikachukua kushoto ikaondoa kulia. Chochote kilichorekodiwa katikati, yaani sawa pande zote, kinafutika kama kelele. Mwimbaji, besi na teke la ngoma karibu siku zote hukaa katikati.

Ndiyo maana kuna ile hila ya kuvuta jeki nusu. Jeki ikivutwa, upande mmoja unabaki peke yake na mwimbaji anarudi. Inafanya kazi mpaka mtu akanyage kebo.

Tiba halisi ni kebo ya jeki ndogo ya stereo inayogawanyika kuwa jeki mbili kubwa za mono, kila moja kwenye mlango wake wa laini: chaneli ya stereo ya miksa, au chaneli mbili zilizogeuzwa moja kushoto na nyingine kulia. Kama umebakiwa na chaneli moja tu, unganisha kushoto na kulia kupitia resista mbili za kΩ 1, moja kwa kila upande, zikutane sehemu moja, na hapo ndipo waya wa sauti uanzie. Kuzisokota nyaya mbili pamoja bila resista kunafanya milango miwili ya kutoa isukumane, na sauti inakwaruza. Kwa umbali unaozidi mita 5 au 6 weka kisanduku cha DI, kinachogeuza njia ya kawaida kuwa ya balansi, karibu na laptopu, kiwe cha stereo au viwili vya mono, kisha kebo za XLR ndizo zisafiri.

Kuna ugonjwa uleule uliogeuzwa, na ni mgumu zaidi kuuona. Mlango wa balansi wa miksa umeunganishwa kwa kebo ya TRS kwenda kwenye tundu la maikrofoni la kamera, ambalo ni la stereo. Kamera inapokea chanya kama kushoto na hasi kama kulia: sauti moja, upande mmoja umepinduliwa. Mpiga picha mwenye hedifoni anaisikia, labda anaona imekaa ajabu kidogo kichwani. Mtazamaji wa matangazo mubashara anayeangalia kwa spika moja ya simu hasikii kitu, kwa sababu simu imejumlisha pande mbili zikafutana. Kama tayari umerekodi, hakuna kilichopotea: kwenye programu ya kuhariri futa upande wa kulia, nakili wa kushoto pande zote mbili.

Kwa safari ijayo tengeneza kebo hivi. Ncha ya jeki ya miksa iende kwenye ncha na pete ya jeki ndogo kwa pamoja, shina kwa shina. Pete ya upande wa miksa iache wazi kama mlango ni wa impedansi au wa sakiti mbili, ifunge kwenye shina kama ni wa transfoma au wa msalaba. Kisha kuna suala la nguvu: miksa inatoa zaidi ya volti 1, tundu la maikrofoni la kamera linataka elfu moja ya hiyo hadi asilimia moja. Weka resista ya kΩ 10 kwenye waya wa sauti, na baada yake resista ya Ω 100 kutoka waya wa sauti kwenda shina. Hapo umepunguza desibeli 40. Kamera nyingi hutuma volti chache za DC kwenye tundu hilo kwa ajili ya maikrofoni ndogo, basi ongeza kapasita ya µF 10 kati ya kipunguzi na jeki ndogo, chanya ya kapasita ikielekea kwenye kamera.

"Inasikika, lakini ndogo"

Anza na viwango. Vifaa vya studio na jukwaa hufanya kazi kwenye +4 dBu, yaani volti 1.23. Deki za DVD, redio za nyumbani na vifaa vingi vya jeki za RCA hufanya kazi kwenye -10 dBV, yaani volti 0.316. Tofauti ni desibeli 11.8. Ukitoka RCA kwenda spika ya balansi na sauti ikawa ndogo kwa kiasi hicho, hakuna hitilafu; pandisha gaini (ukuzaji wa sauti) kwenye kifaa kinachopokea, au tumia swichi ya -10 na +4 kama ipo.

Upungufu wa desibeli 6, yaani nusu ya volti, una maana nyingine. Umechukua waya mmoja tu wa mlango wa sakiti mbili, ama kwa makusudi kupitia jeki ya mono, ama kwa sababu waya mmoja umekatika ndani ya kebo. Na hapa aina za milango zinatoa dalili tofauti, jambo linalowachanganya wengi. Waya wa hasi ukikatika kwenye mlango wa sakiti mbili, sauti inashuka desibeli 6 na kelele zinaingia. Ukikatika kwenye mlango wa impedansi, sauti inabaki vilevile na ni mvumo tu unaoongezeka. Ukikatika kwenye transfoma, sauti inakuwa nyembamba kama redio ya mfukoni, besi hakuna kabisa, maana njia ya kurudi imebaki ni uwezo mdogo wa kapasita uliomo kati ya nyaya. Kwa hiyo kabla ya kulaumu spika kwa kukosa besi, pima kebo pini kwa pini, na uitikise unapopima. Kebo nyingi hukatika ndani ya jeki, sentimita mbili tatu kutoka kwenye lehemu.

Maikrofoni iliyochomekwa kwenye mlango wa laini nayo itasikika kwa mbali sana. Inatoa takriban -60 hadi -40 dBu, na priampu ndiyo kazi yake kuifikisha kwenye laini. Tundu la pamoja linalopokea XLR na jeki kubwa kwa wakati wake huficha jambo hili: mara nyingi XLR inaelekea kwenye priampu na jeki kubwa inaelekea kwenye laini, ingawa tundu ni moja.

"Inakwaruza hata sauti ikiwa chini"

Kinyume cha hayo. Laini imeingia kwenye priampu ya maikrofoni kupitia XLR, na priampu imejaa kabla fada (kitelezi cha sauti) haijafanya lolote. Ukishusha fada ukapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo, tatizo liko kabla ya fada. Bonyeza pedi (kipunguzi) ya desibeli 20 kama ipo, au hamia kwenye tundu la laini. Kwenye spika zenye amplifaya ndani, angalia swichi ya MIC/LINE nyuma. Imeachwa kwenye MIC mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kama viwango viko sawa na bado inakwaruza, angalia kama kuna jeki ya mono kwenye mlango wa kutoa wa balansi. Jeki ya mono haina pete, hivyo shina lake linaifunga hasi kwenye ethi moja kwa moja. Kwa mlango wa impedansi, wa transfoma na wa msalaba hakuna shida. Kwa mlango wa sakiti mbili, sakiti ya hasi inapigana na ethi, chipu inapata joto, na mkondo wake uliochafuka unapita kwenye ethi ileile inayotumiwa na chanya. Badala yake tumia jeki ya TRS, pete iachwe wazi, na ukubali kupoteza desibeli 6.

Mvumo

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na ndipo ushauri mbaya ulipojaa.

Sikiliza kwanza ni mvumo gani. Mvumo mzito, laini, wa Hz 50 mara nyingi hutoka kwenye shildi iliyokatika, mlango ulioachwa wazi ukiwa na gaini, au kebo ya sauti iliyolazwa pamoja na waya wa umeme au juu ya transfoma. Mlio mkali wa kukereza, wa Hz 100 na kuendelea, mara nyingi ni mkondo wa mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa mara mbili, mara moja kupitia ethi ya soketi na mara ya pili kupitia shildi ya kebo. Kilio chembamba kinachobadilika ukisogeza kipanya ni uchafu wa laptopu unaosafiri kwenye waya wa USB au wa chaja.

Kisha gawanya mfumo. Shusha fada kuu ya miksa hadi chini. Mvumo ukibaki, uko kati ya miksa na spika. Ukiondoka, uko kabla. Kama uko kabla, chomoa milango ya kupokea mmoja mmoja mpaka unyamaze. Ukikutana na laptopu, chomoa chaja yake iendeshwe na betri: mvumo ukifa papo hapo, umepata jibu, na dawa ni kisanduku cha DI chenye transfoma na swichi ya kukata ethi. Swichi hiyo inakata shildi ya sauti tu, haigusi ethi ya umeme, basi ni salama.

Usikate pini ya ethi ya plagi. Mvumo utaondoka kweli, na siku waya wa umeme utakapogusa bodi (ganda la chuma) ya amplifaya, njia pekee ya mkondo kwenda ardhini itakuwa shildi ya kebo ya maikrofoni na mdomo wa anayeishika.

Nchini Tanzania na Kenya soketi ni za pini tatu na plagi ni za pini tatu, lakini ekstensheni nyingi zina nyaya mbili tu ndani. Pini ya tatu ni pambo. Kifaa chenye kichujio cha umeme ndani, kikikosa ethi, bodi yake inaelea karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Mkondo ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampia moja, lakini unatekenya vidole na midomo, na cheche inayotokea ukichomeka RCA kati ya vifaa viwili vya namna hiyo inatosha kuua mlango wa kupokea. Fungua ekstensheni uangalie kabla ya kufukuzia mvumo mahali pengine. Halafu lisha miksa, laptopu na projekta kutoka soketi moja, na kama spika ziko mbali, vuta umeme wake kutoka hapohapo kadiri mzigo unavyoruhusu.

Chanzo kisicho balansi kikiwa hakiwezi kubadilishwa, kebo bado inaweza kukusaidia. Usitumie ya waya mmoja. Chukua ya nyaya mbili zenye shildi. Upande wa RCA: chanya kwenye pini ya katikati, hasi na shildi zote kwenye ganda. Upande wa XLR: chanya pini 2, hasi pini 3, shildi pini 1. Sasa kifaa kinachopokea kinalinganisha sauti na ethi ya kule sauti ilikotoka badala ya ethi yake, na sehemu kubwa ya mvumo inafutika bila kisanduku chochote. Kebo ya kawaida ya dukani, ambayo hasi na shildi zimeungwa ndani ya XLR yenyewe, haikupi faida hiyo.

Baadhi ya mafundi hukata shildi upande wa kifaa kinachopokea. Kwa laini ya balansi inakubalika. Kwa maikrofoni usijaribu: fantomu, yaani umeme ambao miksa huituma maikrofoni ya kondensa, inarudi kupitia shildi, na maikrofoni hiyo itanyamaza.

Ikiwa njia ni ya balansi mwanzo hadi mwisho, kebo nzima, ethi nzima, na bado inavuma, shuku kifaa chenyewe. Mwaka 1995 Neil Muncy aliandika kwenye jarida la AES, chama cha wahandisi wa sauti, kuhusu kosa la watengenezaji la kuunga pini 1 kwenye ethi ya sakiti badala ya kwenye bodi ya chuma. Mkondo wa shildi unapita ndani ya sakiti na kuwa kelele. Kanuni ya AES48 ililenga kosa hilo, ila vifaa vyenye kosa bado vipo. Kipimo chake ni rahisi: chukua adapta inayotoa volti 12 za AC, si DC, weka resista ya Ω 150 ya wati 2 mfululizo na waya mmoja, gusisha waya huo kwenye pini 1 na mwingine kwenye chuma cha bodi. Unapitisha takriban miliampia 80. Kifaa kikivuma kwenye hedifoni zake, kosa ni la ndani. Kinachotibu kwa uhakika ni kuhamisha waya wa pini 1 ukaungwe kwenye bodi ya chuma karibu kabisa na tundu. Transfoma ya nje inazunguka tatizo tu.

Fantomu kwenye kisichoihitaji

Fantomu ni volti 48 kupitia resista za kΩ 6.8, moja kwa pini 2 na moja kwa pini 3. Maikrofoni ya dainamiki yenye kebo nzima haijali, kwa sababu pande zote mbili zina volti sawa. Kebo inayofunga pini 3 kwenye pini 1 inavunja usawa huo, na miliampia 7 zinaweza kupita kwenye koili. Laptopu, simu au kinanda kilichoingia XLR kwa kebo ya kubadilisha jeki kinapokea volti hizo kwenye mlango wa kutoa, na kapasita zake ndogo hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Dalili ya baadaye ni upande mmoja wa stereo kufa au kukwaruza daima. Miksa nyingi ndogo zina swichi moja ya fantomu kwa chaneli zote, basi DI ya transfoma kati ya laptopu na XLR ndiyo kinga. Transfoma haipitishi DC.

Besi inapotea spika mbili zikiwashwa pamoja

Kila spika peke yake ina besi, zote mbili hazina. Mojawapo imepinduliwa. Pima kebo: pini 2 kwa 2, 3 kwa 3. Kebo ikiwa sawa, angalia umri wa kifaa. Kabla ya kanuni ya AES14 ya mwaka 1992 vifaa vingi vya Marekani na baadhi ya vya Japani vilitumia pini 3 kama chanya. Tengeneza kebo fupi inayobadilisha 2 na 3, ipake rangi nyekundu, na isiondoke kwenye kifaa hicho.

Hedifoni za balansi

Jeki ya milimita 4.4 ina nyaya tano, ile ya milimita 2.5 ya balansi ina nne. Kila sikio lina chanya na hasi yake. Hapa balansi haihusu kufuta mvumo, kwani hedifoni zinaelea tayari. Inahusu volti mara mbili. Kosa ni adapta inayotoka 4.4 ya kifaa kwenda kwenye hedifoni za kawaida za 3.5: hedifoni hizo zimeunga hasi ya kushoto na hasi ya kulia kwenye waya mmoja, na hivyo amplifaya mbili zinasukumana moja kwa moja. Nyingine hujizima, nyingine huungua. Kinyume chake, hedifoni za balansi kwenye tundu la kawaida, hakina madhara.

Mlio wa "shhh" usio na muziki, au kimya kabisa

Soma maandishi juu ya tundu. AES/EBU, jina jingine la AES3, kwenye mlango wa analogi hutoa mlio wa "shhh" au kimya, na kebo yake inatakiwa kuwa ya Ω 110. Tundu la DMX kwenye meza ya taa halina kazi na spika. Na tundu lililoandikwa INSERT hutoa kwenye ncha na kupokea kwenye pete: ukichomeka TRS ya balansi ukidhani ni mlango wa kutoa, chaneli nzima inanyamaza, kwa sababu swichi iliyomo ndani ya tundu imefunguka ikisubiri sauti irudi. Ukitaka kuitumia kama mlango wa kutoa bila kukata chaneli, tengeneza jeki ya TRS ambayo ncha na pete zimeungwa pamoja, sauti ichukuliwe hapo na kwenye shina.